Shajara ya mradi: kumshangilia mume wangu Roth, Januari hadi Julai 2024

Jumapili, 14 Januari 2024: kwa nini mradi

Mume wangu amepata nafasi ya kushiriki Challenge Roth tarehe 7 Julai. Nafasi hizo huisha kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo siku alipoipata nyumba nzima ilipiga kelele. Mashindano yenyewe ni ya triathloni ya masafa marefu, nayo hufanyika katika wilaya ya Roth, kusini mwa jiji la Nürnberg, Ujerumani, tunakoishi. Mshiriki huogelea kilomita 3.8 ndani ya mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube, huendesha baiskeli takriban kilomita 180, kisha humalizia kwa marathoni nzima ya kilomita 42.2. Anayepitisha saa 15 hahesabiwi kuwa amemaliza.

Yeye ana kocha, ana ratiba ya wiki 25 iliyobandikwa jikoni, na ana daftari la kila anachokula. Mimi ninayepaswa kumshangilia sina chochote. Mwaka jana alipokimbia nusu marathoni nilisimama na watoto mahali pamoja kwa saa tatu, akapita nikiwa nimeinama kumfunga mwanangu kamba za viatu, na nilipomwona tena nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba amebakiza kidogo tu. Alikuwa amebakiza kilomita 6. Aliniambia jioni, kwa upole, kwamba neno lile lilimkata miguu.

Ninaandika shajara hii ili mke au mume mwingine atakayejikuta katika hali kama yangu asianzie pale nilipoanzia. Nimejiwekea malengo matatu: anione angalau mara tano kwa siku nzima, kila nitakachosema kiwe na manufaa kwake, na gharama zangu zisizidi euro 250. Saa zote humu nimeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwa hiyo saa 1 asubuhi ni pale saa ya ukutani hapa Ujerumani inapoonyesha 7.

Jumapili, 25 Februari: jaribio la bango

Nilianza na shuka jeupe la euro 9 na rangi nyeusi ya euro 14. Binti yetu wa miaka 9 alichora herufi kubwa, tukaandika jina la baba yake na moyo mwekundu kila upande, tukalianika kwenye kamba ya nguo. Lilipendeza sana sebuleni.

Leo tulilipeleka kwenye bustani ya jirani. Nilimwomba mume wangu apite na baiskeli kwa mwendo wake wa kawaida akitokea mwisho wa njia, mimi nikiwa nimesimama kati ya watu waliokuwa wakitembeza mbwa. Alipita bila kugeuka. Alisema aliona kitu cheupe, lakini koti la mama mmoja lilikuwa jeupe, na kibanda cha aiskrimu ni cheupe pia. Upepo nao ulikuwa umelikunja shuka kiasi kwamba hata aliyesimama karibu asingeweza kusoma herufi tatu mfululizo. Tulirudia mara nne, na matokeo yakawa yale yale. Euro 23 zimepotea, ila nimejifunza kwamba mtu anayepita kwa kasi hasomi, anatambua tu.

Jambo lililofuata lilitokea bila kupangwa. Baridi ilinizidi, nikatoa kanga kwenye mkoba na kujitanda. Ni kanga ya rangi ya machungwa yenye maua meusi makubwa, kipande kimoja cha doti ambayo mama mkwe aliniletea kutoka Tanga, na jina lake ni *Mwenda pole hajikwai*. Mume wangu alikuwa bado yuko mbali, karibu na lango, akainua mkono. Nilipomuuliza alinionaje, alijibu kwamba rangi ile na mpangilio ule hajawahi kuuona Nürnberg kwa mtu mwingine yeyote.

Kanga ndiyo itakayokuwa bendera yetu. Nimenunua mianzi miwili ya mita moja na nusu kwenye duka la vifaa vya bustani kwa euro 8. Sikuitoboa kanga. Nimeshona tu mfuko mwembamba kwenye pindo moja ili mwanzi upite, na uzi wake naweza kuufumua baadaye.

Jumapili, 28 Aprili: mazoezi kwenye mashindano madogo

Mume wangu alishiriki mashindano mafupi ziwani: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio. Kwake ilikuwa nafasi ya kujaribu vifaa, na kwangu vilevile. Makosa yangu ya leo ni mengi kuliko ya miezi mitatu iliyopita, na nitayaeleza yote.

La kwanza ndilo kubwa. Alipotoka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia, nilimwona amekauka midomo, nikakimbia sambamba naye kwa mita kama 50 na kumpa chupa ya maji. Mwamuzi alipiga filimbi. Alimpa mume wangu onyo, si mimi, na akanieleza kwa utulivu kwamba mshiriki haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mtu wa nje wala kusindikizwa na mtu asiyeshindana. Maji huchukuliwa kwenye vituo rasmi peke yake. Angeweza kuadhibiwa kwa kupotezewa muda, na katika hali mbaya zaidi angeondolewa. Nilijisikia vibaya mno, kwa kuwa mtu amejinyima usingizi miezi mizima halafu jasho lake liharibiwe na chupa ya mke wake. Tangu leo ni marufuku kwangu na kwa watoto kumpa chochote, hata kumgusa, mpaka avuke mstari wa mwisho. Nimemweleza hivyo mwanangu wa miaka 6 mara tatu, kwa sababu yeye ndiye mwenye mikono myepesi ya kugawa biskuti.

La pili ni ngoma. Nilinunua ngoma ndogo ya euro 17 nikidhani itatusaidia kusikika. Kumbe kila familia ina ngoma, njuga, kengele za ng'ombe na makopo. Sauti zote zilichanganyika zikawa mvumo mmoja, na mume wangu anasema hakuweza kututofautisha. Kumwita jina hakukusaidia pia, kwa sababu majina ya washiriki yameandikwa kwenye namba zao na kila aliyesimama pembeni huyasoma na kuyaita kwa wema. Alisikia jina lake mara mia, na kati ya hizo mia hakujua ipi ni yangu.

Alichokisikia ni vigelegele. Nilivipiga bila kufikiri alipokuwa anavuka mstari, kama nilivyozoea arusini, na akageuza kichwa papo hapo kuelekea niliposimama. Sauti ile ni nyembamba na ya juu, inapenya juu ya ngoma. Ngoma tumeigawa.

La tatu ni mwanzi. Nilikuwa nimeunganisha vipande viwili kwa kamba, vikayumba, kanga ikamwangukia mzee aliyekuwa mbele yetu. Nimenunua kipande cha bomba la plastiki la euro 3 linaloingia mwanzi pande zote mbili. Sasa bendera inasimama mita 3, na ikitenganishwa inaingia kwenye treni bila kumchoma mtu.

Jumapili, 19 Mei: maneno

Leo amerudi kutoka kwenye mazoezi ya baiskeli ya saa tano. Nilimsubiri mezani na kalamu kabla hajaoga, kwa sababu nilitaka kumuuliza angali amechoka, si akiwa ameshiba na kusahau.

Nilimuuliza angependa kusikia nini. Alikaa kimya kidogo akasema, "Mke wangu, nikichoka sisikii sentensi. Nasikia neno moja." Kisha tukaanza kuchambua. Hataki kuulizwa anajisikiaje, kwa sababu swali linadai jibu na jibu linadai pumzi. Hataki kuambiwa amebakiza kidogo, hata akiwa amebakiza kidogo kweli. Hataki kujua ni wa ngapi. Anataka kuambiwa jambo moja analoweza kulifanya dakika hiyo hiyo.

Tulipata maneno manne. *Mabega* maana yake ayalegeze mabega, kwa kuwa akichoka huyapandisha mpaka masikioni na shingo hukaza. *Kunywa* linajieleza. *Soda* ni la saa za mwisho za mbio, tumbo linapokataa zile jeli tamu. Kwenye vituo vya maji huwa kuna kola, na mtu aliyechoka hupita mezani bila kukumbuka. La nne ni la dharura: *nguzo*. Likitamkwa, akimbie mpaka nguzo ya taa iliyo mbele yake, atembee mpaka ya pili, akimbie tena. Kocha wake alimfundisha mbinu hiyo, lakini anahofia kwamba siku yenyewe hataikumbuka.

Jambo jema ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba yote ni maneno ya Kiswahili. Katika umati wa jimbo hili la Bavaria hakuna mwingine atakayepaza sauti na kusema "Mabega!", kwa hiyo neno lenyewe linatosha kumjulisha ni nani anayesema. Binti yetu ameyaandika manne hayo kwenye kadi na kuyakariri. Mdogo wake amechagua *soda*, na hataki mtu mwingine alitamke.

Jumapili, 16 Juni: kuipima njia kwa miguu

Tulipanda treni hadi Roth, kisha ile treni ndogo ya kwenda Hilpoltstein. Ramani nilikuwa nayo tangu Februari, lakini ramani haikuonyeshi mtoto wa miaka 6 anatembea kwa mwendo gani juani. Nilibeba saa na daftari, nikapima kila kipande tukiwa na mizigo yote ya siku yenyewe.

Kuogelea huanzia mferejini upande wa Hilpoltstein, na kituo cha kuvaa na kuchukua baiskeli kipo hapo hapo. Kituo cha pili, cha kuacha baiskeli na kuanza mbio, kiko Roth. Mtu akifikiri atasimama mahali pamoja kama kwenye mashindano yale mafupi amekosea. Njia ya baiskeli ina mizunguko miwili, na kila mzunguko hupita Solarer Berg, kilima kilichopo pembeni mwa Hilpoltstein, ambako watazamaji hubana barabara pande zote mpaka wapanda baiskeli wanabakiziwa uchochoro. Kutoka mferejini hadi hapo tulitembea karibu saa moja. Leo palikuwa kimya kabisa, lami na majani tu, na trekta moja. Watoto walikimbia hadi juu wakisukumana, na nilisimama chini nikajaribu kuona kanga ingeonekanaje kutoka pale. Ilionekana vizuri mno. Nilisahau kwamba siku hiyo kati yangu na barabara kungekuwa na maelfu ya watu.

Nilitengeneza jedwali la saa kwa kukadiria mwendo wake: aanze kuogelea saa 1:20 asubuhi na kundi lake, atoke majini 2:42, aondoke na baiskeli 2:50, apite Solarer Berg saa 5:25 na tena 8:35 mchana, afike Roth 9:30, na amalize mbio saa 2:31 usiku. Niliandika nakala tatu: moja yangu, moja ya jirani yetu atakayetupeleka kwa gari alfajiri, na moja nilimtumia mama mkwe Tanga.

Jumamosi, 6 Julai: matayarisho

Baiskeli imeshapelekwa kituoni. Mambo ya kawaida nitayapita haraka: viti viwili vya kukunja euro 24, vikinga masikio vya watoto euro 30, betri ya akiba ya simu euro 22, mafuta ya kukinga jua tulikuwa nayo. Chakula ni chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na chai kwenye chupa, pamoja na vitu vidogo vya kununua njiani. Jumla ya chakula ni euro 38.

Kosa moja limegunduliwa leo, na aliyeligundua ni mama mkwe. Alipiga simu kuuliza kama kweli mwanawe anaanza saa 1:20, kwa sababu saa hiyo amepanga kuwa msikitini kwenye darsa ya akina mama. Nilipofikiri nikaona kwamba nilimtumia saa za hapa bila kuongeza moja. Wakati huu wa kiangazi Tanga iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwake ni 2:20. Nimemtumia jedwali jipya. Amesema ataomba dua mapema na nyingine baadaye.

Doti ina vipande viwili. Kimoja ni bendera. Cha pili nimekikunja na kukitia chini kabisa ya begi.

Jumapili, 7 Julai: siku yenyewe

Jirani yetu alitushusha kabla ya alfajiri pale magari yalipozuiwa. Saa 11:30 asubuhi daraja la juu ya mfereji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, tukasimama kwenye majani kandokando ya maji. Maputo makubwa ya hewa moto yalikuwa yakipaa juu ya ukungu, na kila kundi lilipoanza ulilia mzinga uliomfanya mwanangu ashike kiuno changu kwa mikono miwili. Vikinga masikio vilistahili kila senti.

Kumwona akiogelea hakukuwezekana. Wote wamevaa mavazi meusi ya mpira na kofia za rangi moja kwa kila kundi, na kutoka ukingoni ni mikono tu inayopanda na kushuka. Nilipoteza dakika 40 nikijaribu. Nilipokata tamaa tukahamia kwenye njia wanakotokea na baiskeli, na hapo alitoka saa 2:56, dakika 6 baada ya jedwali, akatuona, akatabasamu. Binti alisema "Kunywa!" na akaonyesha chupa yake kwamba amesikia. Atakayerudia mradi huu asihangaike na ukingo wa mfereji zaidi ya kumpungia mtu wake mkono kabla hajaingia majini.

Kisha likaja kosa ambalo bado linaniuma. Tulifika Solarer Berg saa 4:55. Watu walikuwa wamesimama safu sita au saba, muziki ukitikisa kifua, na kanga yangu ilionekana juu ya vichwa kama nilivyotaka. Jedwali lilisema 5:25. Simu ilikuwa na programu ya kufuatilia washiriki, lakini kwa umati ule mtandao ulikuwa umelemewa na namba zake hazikubadilika tangu saa 4. Saa 5:10 mwanangu alihitaji choo, na foleni ilikuwa ndefu. Tulirudi 5:23. Tukasubiri hadi saa 6. Hakupita.

Alikuwa amepita 5:18. Jedwali langu lilitumia mwendo mmoja wa wastani kwa njia nzima, kilomita 27 kwa saa, ilhali yeye kwenye mzunguko wa kwanza, akiwa na nguvu na msisimko, alikuwa akienda karibu 30. Hilo ni kosa lake pia, na kanga ingekuwepo, jina lake la *Mwenda pole hajikwai* lingemkumbusha. Lakini kosa langu ni kubwa zaidi. Usiku aliniambia kwamba aliutafuta upande wa kulia wote, juu mpaka chini, na alipotukosa alianza kufikiri mtoto ameumwa au gari limepata ajali. Alilibeba wazo hilo kilomita 85. Ningekuwa sikumwahidi kwamba tutakuwepo pale, angepita bila wasiwasi. Kwa hiyo ninaandika kwa msisitizo: usimwahidi mwenzio mahali ambapo huna hakika kabisa utakuwepo, na ukishaahidi, fika nusu saa kabla na mtu mmoja asiondoke hapo kwa sababu yoyote.

Kwa mzunguko wa pili tulibadili vitu viwili. Jirani yetu, aliyekuwa ametufuata kwa miguu, aliwachukua watoto kwa zamu ili mimi nisihame. Na tulipanda hadi juu ya kilima, mahali umati unapoanza kupungua na barabara inafunguka, badala ya kubaki kwenye msongamano. Nilisimama hapo tangu saa 7:45 mchana nikishika mwanzi kwa mikono miwili.

Alitokea saa 8:41. Alikuwa ameinamisha uso, mabega yamepanda, akikanyaga kwa uzito. Nilipiga vigelegele. Uso ukainuka kwanza, kisha macho yakapanda kwenye kanga, na nikasema "Mabega!" mara moja tu. Nilikuwa mita 4 kutoka kwake. Niliona mabega yale yakishuka, yote mawili, polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, na akapumua kwa sauti hata mimi nikasikia. Hakusema kitu. Watoto walikuwa pembeni yangu, akawatazama mmoja mmoja kabla hajapita, na sasa najua alikuwa akihakikisha kwamba wako wazima.

Treni ya kurudi Roth ilikuwa imejaa, na kile kituo cha pili, cha kuacha baiskeli na kuanza mbio, tukakiacha kwa makusudi. Nilichagua kwenda moja kwa moja Büchenbach, kijiji ambacho washiriki hukipita baada ya kilomita ya 30 ya mbio, kituo kimoja tu cha treni kutoka Roth. Uamuzi huu ndio bora kuliko yote niliyofanya. Mwanzoni mwa mbio kila mtu ana nguvu na kila mahali pana watu. Anayehitaji kuonwa ni yule aliye kilomita ya 30.

Nilimtarajia saa 1:20 usiku. Wakaja wengi, yeye hakuja. Safari hii sikuondoka. Saa 1:50 aliibuka akitembea, mkono mmoja tumboni, ngozi ya midomo imepauka kwa chumvi. Mwanangu aliinama chini ya utepe kutaka kumkimbilia na biskuti mkononi, na dada yake akamvuta shati kwa nyuma; mafunzo ya Aprili yalisaidia. Kisha akakumbuka neno lake, akapaza sauti iliyowafanya Wajerumani wote wa pale wageuke: "Baba, soda!" Mume wangu alisimama kabisa. Kituo cha maji kilikuwa mita 100 mbele. Nikasema "Nguzo," si kwa kelele, kwa sauti ninayotumia nyumbani. Alitikisa kichwa kukubali. Akatembea hadi kwenye meza, akanywa vikombe viwili vya kola, akaangalia mbele, na akakimbia mpaka nguzo ya kwanza. Tulimtazama akitembea, akikimbia, akitembea, mpaka kona ilipommeza.

Uwanja wa kumalizia uko Roth, umejengwa kwa majukwaa pande zote. Tulipata nafasi safu ya juu. Kwa saa za kwetu ilikuwa usiku, lakini mwanga wa jua la kiangazi ulikuwa bado haujakwisha. Mchana, katika uwanja huo huo, Magnus Ditlev, mshindi wa wanaume, alikuwa amemaliza kwa muda wa saa 7:23:24 na Anne Haug, mshindi wa wanawake, kwa 8:02:38, muda ambao mwanamke hakuwahi kuufikia kabla katika masafa haya. Mume wangu aliingia saa 3:31 usiku, baada ya saa 14 na dakika 11, na vigelegele vyangu havikuwa peke yake, kwa sababu mama wawili Wajerumani waliokuwa karibu nami walijaribu kuvipiga pia. Alisimama katikati ya zulia, akageuka akitafuta, akaiona rangi ya machungwa.

Tulikutana nje kwenye geti la washiriki. Alikuwa akitetemeka, kama inavyowatokea wengi mwili unapopoa ghafla, na kiblanketi cha karatasi alichopewa kilikuwa kimeshachanika. Nilitoa kile kipande cha pili cha kanga chini ya begi, kikavu, nikamzungushia mabegani. Tulimpigia mama mkwe. Kwake ilikuwa saa 5 za usiku na alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.

Jumamosi, 13 Julai: hesabu na marekebisho

Gharama zote: shuka na rangi 23, mianzi 8, ngoma 17, bomba 3, viti 24, vikinga masikio 30, betri 22, chakula 38, mafuta ya gari la jirani 20, tiketi za treni za siku ya kupima njia na siku yenyewe 46. Jumla ni euro 231. Kati ya hizo, 40 za shuka na ngoma zilipotea bure kabisa, na viti hatukuvikalia hata dakika 10.

Alituona mara nne, si tano. Ningeanza upya, ningeahidi mahali patatu tu: penye kutoka na baiskeli, juu ya Solarer Berg katika mzunguko wa pili, na Büchenbach. Jedwali ningeliandika kwa saa mbili kila mahali, ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa, badala ya saa moja inayojidai kuwa na uhakika. Maneno yasizidi manne. Mtu mzima wa pili ni wa lazima kama kuna watoto, na nimempelekea jirani yetu sahani ya pilau kwa kazi aliyoifanya.

Jana usiku nilifumua ule uzi wa mfuko wa mwanzi. Matundu ya sindano bado yanaonekana kwenye pindo, mstari mmoja mrefu wa nukta, na nimekifua kile kipande cha pili kilichobaki na chumvi yake. Mume wangu ameomba kisirudishwe kabatini. Amekitundika nyuma ya mlango, karibu na viatu vya mbio.